Utepe Usiokubali Gundi

Mama mkwe alipiga hodi mara tatu. Hakuitikiwa. Akasukuma mlango wa karakana, akamkuta mkwewe amekaa sakafuni, miguu kaitanua, selotepu mdomoni, mkono wa kushoto umeganda kwenye shingo ya gitaa. Si kuganda kwa mahaba. Kuganda kwa gundi.

Mkwe ni mkwe, lazima asimame. Alijaribu. Gitaa likamfuata, likapiga kopo la vanishi, na kopo likamwagikia suruali yake pale ambapo mtu hapendi kumwagikiwa mbele ya mama wa mkewe.

"Shikamoo, mama," alisema kupitia selotepu.

"Marahaba. Kaa tu, baba, kaa. Usije ukaniangushia na dari."

Mtaani walimwita Mataifa, kwa kuwa hakumaliza maneno matatu bila kutia "nilipokuwa nchi za watu." Na kweli alikuwa amezunguka. Alitengeneza magitaa katika bandari tatu, akarudi na kitambi, upara na randa sita nzuri. Lakini wiki hiyo elimu yake yote ilikuwa imegaragazwa na utepe mmoja mweupe, mwembamba kama njiti ya kiberiti.

Gitaa lile lilikuwa la mwisho kutengenezwa na mwalimu wake, Mzee aliyemfundisha kushika patasi. Mzee alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Mjane wake alilileta Jumatatu, limefungwa ndani ya shuka mbili.

"Litie utepe kwenye ubao wa vidole, pande zote mbili," alisema. "Usiache hata tundu moja, mwanangu. Ijumaa nahamia kwa binti yangu, na kule kuna mtoto mchanga. Siingii nalo likiwa wazi hivi."

Mataifa alidhani bibi anaogopa vumbi. "Kazi ya asubuhi moja, mama! Nilipokuwa nchi za watu nilikuwa natia tano kwa siku." Alikuwa akitia moja, tena kwa dua.

Ubao wa vidole, ule uliolala juu ya shingo ya gitaa, una mifereji ishirini inayoukata kwa upana, na ndani yake hukaa vile vyuma vyembamba. Ukiligeuza gitaa ubavu, unaziona ncha za mifereji hiyo: vitundu ishirini kila upande, vyembamba kama macho yaliyofumbwa nusu. Utepe huvifunika. Ubavu unakuwa laini, kiganja hakikwaruzwi, mteja anafurahi.

Mzee hakuupenda utepe hata siku moja. "Ubao lazima uheme," alikuwa akisema. Mwanafunzi akiutia kwa siri, Mzee aliubandua, akauviringa vizuri kama mkanda wa suruali, akautumbukiza ndani ya kikombe cha chai cha yule mwanafunzi. Kisha aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, basi.

Jumatatu Mataifa aling'oa vyuma, akapiga randa kingo, akabandika. Upande wa nyuzi nyembamba ulishika kama kupe. Upande wa nyuzi nene, ule unaoelekea uso wa mpigaji, Jumanne asubuhi ulikuwa mtupu. Utepe alioubandika aliukuta ndani ya kikombe chake. Umeviringwa.

Alimlaumu mkewe.

"Mimi sijawahi kugusa takataka zako," mkewe alijibu, "na sitaanza uzeeni."

Akalaumu gundi, akanunua nyingine. Akalaumu mafuta ya mti, akaufuta ubao kwa spiriti mpaka kichwa kikamzunguka. Jumatano, kikombeni. Akaacha utepe wa plastiki, akachonga utepe wa mfupa, akaubana kwa vibanio kumi na viwili na kamba juu yake. Alipotoka kununua maandazi na kurudi, vibanio vilikuwa vimepangwa mezani kwa ukubwa, kama vijiko. Utepe ulikuwa ndani ya chai, na chai ilikuwa bado ya moto.

Alitukana matusi ya nchi nne.

Ndiyo maana Alhamisi alichukua gundi ya haraka, akaubana utepe kwa mkono wake mwenyewe, na kuapa hataachia. Hakuachia. Hakuweza.

Mama mkwe alitoa kwenye mkoba wake dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akambandua kidole kimoja kimoja, huku akimshukuru Mungu kwamba angalau wajukuu wamefanana na upande wake. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Na huyo mgonjwa mwenzio mpe maji."

"Mgonjwa gani, mama?"

"Huyo anayekohoa humo ndani."

Akaenda zake. Karakana ilikuwa ya chumba kimoja.

Jua lilikuwa linazama. Mataifa aliinamia gitaa kutazama hasara. Utepe ulikuwa umebanduka tena. Akasogeza uso karibu na vitundu…

Shavu lake likapata joto.

Akajirudisha nyuma. Akasogea tena. Harufu ya tumbaku. Tumbaku na gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha ambayo mafundi waliiacha zamani.

Aliokota sakafuni unyoya wa mbao uliokwanguliwa na randa, mwepesi kuliko karatasi, akaushika mbele ya kitundu cha kwanza. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Unyoya ukavutwa ndani. Ukasukumwa nje. Ndani… nje.

Kisha mezani, karibu na kiwiko chake:

Ko. Ko.

Mtu mwingine angekimbia. Mataifa naye alitaka kukimbia, lakini hasira ya siku nne ilimtangulia kinywani.

"Mzee, siku nne! Nimeharibu mifupa mitatu! Nimeaibika mbele ya mkwe! Kama hutaki, kamwambie mkeo, mimi ni fundi tu!"

Kisha sauti, kavu kama msasa:

"Unaniziba… mwanangu?"

Aliupaka utepe gundi ile ya haraka, akaanza kubandika kutoka chini ya shingo. Kila kitundu alichokifunika kilimsukuma kidole kutoka ndani. Polepole, kwa ncha, kama mtu anayebonyeza nyuzi. Alibana. Kikatulia. Cha pili. Cha tatu. Jasho lilimwingia machoni. Cha kumi. Cha kumi na tisa.

Kilibaki kimoja, juu kabisa.

"Acha kimoja," sauti ilisema. Sasa ilikuwa sauti ya mzee mgonjwa, si ya mwalimu. "Kimoja tu."

Mwanafunzi ni mwanafunzi hata akiota upara. Mzee aliwahi kumpa godoro, chakula na kazi, alipokuwa hana hata viatu. Mataifa aliukata utepe mfupi kidogo. Mahali pale akajaza nta nyeupe, akatoboa kwa sindano, tundu la kupita unywele. Asubuhi kikombe kilikuwa kitupu, na yeye mwenyewe aliisifu kazi yake.

Ijumaa mjane alifika na binti yake. Binti alibaki nje kwenye kivuli, mtoto mgongoni. Mjane hakutazama weupe wa mfupa wala mng'aro. Alilamba kidole gumba, akakipitisha ubavuni mwa gitaa, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Kikasimama.

"Hapa hujaziba."

"Mama… aliniomba."

Uso wa mjane haukubadilika. "Mwaka mzima amehema pembeni ya kitanda changu. Nikamvumilia, ni mume wangu. Binti yangu akaja na mtoto kunitembelea, siku saba tu. Msikilize."

Nje, mtoto wa miezi mitatu alikohoa. Kikohozi kizito, cha kukwangua koo, cha mtu aliyevuta tumbaku miaka hamsini. Kilipokwisha, mtoto alicheka kitoto.

Mataifa alichukua gundi bila kuambiwa. Alipoisogeza karibu ncha ya chupa, tundu lilivuta pumzi, ndefu, kama mtu anayejiandaa kupiga mbizi. Akaziba. Akabana kwa kidole mpaka kucha ikawa nyeupe, na chozi likamdondoka juu ya kazi nzuri.

Wakasikiliza. Mtoto alikuwa kimya. Amelala, au…

"Amelala," binti alisema kutoka nje, haraka.

Mjane alianza kulifunga gitaa katika shuka la kwanza. Mataifa alijifuta uso kwa aproni iliyojaa vanishi, akazidi kuchafuka.

"Lakini mama, kwa nini mateso yote haya? Si ungelichoma moto tu, yakaisha?"

Mjane alikaza fundo la shuka la pili.

"Nimeshalichoma. Mara mbili."