Kasuku Aliyeachwa na Kabanga

Wewe unayesoma, ulimsikia. Usiseme hukumsikia. Kila mtaa una mtu mmoja anayekohoa nyuma ya ukuta. Na kila mtaa una watu wanaopandisha sauti ya redio ili wasimsikie. Huko Kamina, karibu na njia ya reli, aliyekohoa aliitwa Mama Mbuyi. Redio ilikuwa ya jirani yake, Ève. Lakini ingeweza kuwa yako.

Mama Mbuyi alikuwa na miaka sitini na minane. Kila asubuhi alisali, akawasha makaa, akateleka maji ya chai. Kisha alifungua dirisha na kuondoa kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, kilichofunika tundu. Ndani ya tundu alikaa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Jina lake Shefu. Aliitwa hivyo kwa sababu kila treni ilipopita alipiga filimbi kama shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni.

"Moyo, yaya," Shefu alisema.

"Moyo, Shefu. Umelala muzuri?"

"Moyo" ni salamu ya Kasai. "Yaya" ni dada mkubwa. Shefu alifundishwa maneno hayo na Kabanga, pacha wa Mama Mbuyi. Kwao Kasai, pacha anayetangulia huitwa Mbuyi, anayefuata huitwa Kabanga. Kabanga alimfuata dada yake kwa dakika chache tu, lakini maisha yake yote alimwita yaya.

Mwaka 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Kamina. Wengine wamesahau. Wengine wanajifanya wamesahau. Watu walilala gare wiki nyingi, wakiwa na watoto na masufuria yao, wakingoja treni. Kabanga alikuwa kati yao. Mama Mbuyi alibaki, kwa sababu mume wake, Papa Tshilumba, alikuwa mtu wa Kamina. Siku treni ilipofika, Kabanga alimpa dada yake tundu.

"Yaya, unichungie huyu. Nitarudi kumukamata."

Barua moja ilikuja kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Baada yake hakuna neno lililokuja tena. Siku ile ya treni, majirani waliokuwa wamesimama kuitazama waliingia ndani na kufunga milango yao. Hao ndio waliokuwa wakila bukari, ugali wa huko, pamoja na Kabanga kila Jumapili.

Papa Tshilumba naye alikufa, miaka saba iliyopita. Hawakupata watoto. Kanisani watu walimsalimu Mama Mbuyi kwa kichwa tu, kisha wakageukia wenzao. Wengine walicheka: "Ule bibi anaongeaka na ndege." Wengine walinong'ona mabaya zaidi, kwamba ni mchawi. Kwa hiyo Mama Mbuyi aliacha kumtaja Shefu mbele ya watu. Mtu akimuuliza anaishi na nani, alijibu: peke yangu.

Siku moja treni ya kutoka Kindu iliingia. Mama Mbuyi alikuwa gare akitafuta samaki wakavu. Aliona mwanamke ameketi juu ya mizigo yake na kapu kubwa miguuni. Ndani ya kapu walibanana watoto wa kasuku. Mmoja alikuwa amejikunja pembeni. Manyoya yake yalisimama. Jicho moja lilitoa maji.

"Mama, huyu mutoto iko na nini?" aliuliza Mama Mbuyi.

"Ni baridi ya njiani tu. Mumukamate bure, bila kulipa, mama. Huyu hatafika Lubumbashi."

Mama Mbuyi alimtazama yule ndege. Alikumbuka tundu lingine, katika gare hiyohiyo. Akamfunga ndani ya kikwembe na kwenda naye nyumbani.

Jioni ile alifanya kosa lake, na alilifanya kwa roho nzuri. Alifungua tundu la Shefu na kumweka mgeni ndani.

"Shefu, sogea. Muntu hapana lala peke yake siku ya kwanza mu nyumba ya bengine."

Kisha alitafuna bukari kidogo, akampa mgeni kutoka midomoni mwake, kama vile mama yake alivyowalisha vifaranga vya njiwa zamani. Shefu alisogea. Usiku huo ndege wawili walilala wamegusana mabega.

Siku ya sita yule mgeni alikufa. Mama Mbuyi alimzika nyuma ya choo. Baada ya siku chache treni ilipita, na Shefu hakupiga filimbi. Mavi yake yaligeuka maji ya kijani. Alifumba macho mchana. Lakini kila asubuhi alijikaza kusema, "Moyo, yaya," kwa sauti ndogo.

Mama Mbuyi alifagia chini ya tundu kwa ufagio mkavu, kama alivyofanya kwa miaka thelathini. Vumbi lilipanda na kung'aa katika mwanga wa dirisha. Alilipumua lote.

Juma lililofuata homa ilimshika. Kichwa kilimpasuka. Kikohozi kikavu kikaja. Alijikokota mpaka kituo cha afya. Muuguzi Christophe alimchoma kidole, akapima damu.

"Mama, hii hapana malaria. Kwenu muko bangapi?"

"Niko peke yangu."

"Hakuna mwingine anakohoa?"

"Hakuna, mwanangu. Nimekuambia, niko peke yangu."

Christophe aliandika hivyo. Alimpa dawa ya kifua, lakini haikuwa dawa ya ugonjwa ule. Haikusaidia. Siku ya nne Mama Mbuyi alishindwa kuteleka maji. Siku ya tano alikohoa tangu jua kuchomoza hadi adhuhuri. Upande wa pili wa ukuta, redio ya Ève iliimba kwa nguvu.

Siku hiyohiyo mwanamke mmoja alipita mtaani na kasha la barafu begani. Alikuwa Francine Mianda, munganga, yaani daktari, wa wanyama kutoka Lubumbashi. Alikuwa akitafiti magonjwa ya ndege. Aliingia nyumba kwa nyumba. Aliwapangusa kuku, bata na kasuku kwa vijiti vya pamba, mdomoni na nyuma, ili maabara ione ni ugonjwa gani unawaua. Alimkuta Ève akianika nguo.

"Mama, hapa kwenu muko na ndege?"

"Kuku tatu tu. Kasuku iko pale kwa bibi. Lakini usiingie. Iko anakohoa mubaya."

"Tangu lini?"

"Wiki moja. Ao zaidi."

"Mumeenda kumuangalia?"

Ève alinyoosha shati ambalo lilikuwa limekwisha kunyooka. "Tunamusikiaka," alisema.

"Munamusikiaka," alirudia Francine. Alivaa barakoa yake, akagonga mlango, akaingia.

Mama Mbuyi alikuwa amelala kwenye mkeka. Aliposikia hodi alitambaa na kulifunika tundu kwa kikwembe. Alikuwa amesikia kwamba kukamata kasuku porini na kuwauza kumekatazwa. Alidhani wamekuja kumchukua Shefu.

"Jambo, mama. Munaikala na nani humu?"

"Peke yangu."

Chini ya kikwembe sauti ndogo ilisema: "Moyo, yaya."

Francine aligeukia tundu. "Huyo ni nani?" aliuliza polepole.

Mama Mbuyi alifunika uso kwa mikono. "Ni wa ndugu yangu," alisema. "Nilimuambia nitamuchunga."

Francine alifungua dirisha lote. Kisha aliinua kikwembe, akatazama manyoya, macho na mavi ya Shefu.

"Kuna ndege mugeni aliingia humu?"

Mama Mbuyi alimweleza yote: kapu, jicho lenye maji, bukari ya kutafuna, usiku wa kwanza.

"Sikutaka alale peke yake," alisema.

"Mama, kwa bantu ile ni roho muzuri. Kwa ndege, ile ni mulango wa ugonjwa. Ndege mugeni analalaka mbali. Nyumba ingine, chombo ingine ya maji, siku makumi tatu, hata akionekana muzima. Unatumikia kwanza ndege wa zamani, unamalizia na mugeni, kisha unanawa mikono na sabuni."

"Na minyi, mimi mwenyewe? Minyi siko ndege."

"Ugonjwa huu unarukaka kwa bantu. Bafaransa banauita psittacose. Weye uite homa ya kasuku. Hata njiwa na bata banaweza kuwa nao. Unakaa mu mavi na mu vumbi ya manyoya. Mavi inakauka, unafagia, vumbi inapanda, unaivuta mu mapafu. Na kumulisha ndege na mudomo, mama, hapana tena. Hata siku moja."

Mama Mbuyi aliutazama ufagio wake uliosimama mlangoni. Kisha aliuliza neno lililokuwa likimkaba tangu mwanzo.

"Utamuua?"

"Hapana. Minyi nakuja kutafuta ugonjwa, sikukuja kuua. Dawa iko. Yako na yake. Lakini siwezi kukudanganya. Labda atapona, labda hapana."

Francine alichukua vipimo vya Shefu. Kisha alimpeleka Mama Mbuyi kituo cha afya kwa pikipiki. Christophe alisikiliza habari yote, akashika kichwa.

"Mama, lakini mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza bantu," alisema Mama Mbuyi. "Hukuniuliza ndege."

Christophe alifungua kabati la dawa. Alimpa dawa inayofaa, iitwayo doxycycline, akamlaza kituoni. Alimwambia lazima aimalize yote, hata homa ikishuka. Kisha alifungua daftari lake la wagonjwa. Juu ya ukurasa aliandika swali jipya kwa wino mwekundu: Kwenu kuna ndege? Tangu siku ile anawauliza wote wenye homa na kikohozi. Wengi wao wana malaria au kitu kingine. Lakini anauliza.

Ilibaki kazi moja. Nani atamtunza Shefu? Dawa yake ilikuwa ya siku arobaini na tano, kila siku, bila kuruka. Francine alirudi kwa Ève.

"Minyi niko na batoto," alisema Ève. "Nikiambukizwa?"

"Ugonjwa huu haupiti bepesi kutoka muntu mpaka muntu. Yule bibi hangekuambukiza kwa kumupelekea chai, mama. Wiki nzima ulimuogopa bure. Wa kuogopa ni ndege, lakini kuna namna ya kumuchunga bila hatari. Angalia."

Alimfungulia jiko la nje la Mama Mbuyi, lisilotumika, lenye hewa nyingi, wakaliweka tundu humo. Alimwonyesha jinsi ya kufunga barakoa na kuvaa mipira ya mikono. Alichanganya javel kidogo, ile dawa ya kung'arisha nguo, na maji mengi, akamwaga juu ya mavi, akangoja, ndipo akayaokota yakiwa yameloa na kuyazika. Hakugusa ufagio. Alichanganya dawa katika chakula laini. Batoto na kuku wakae mbali, alisema.

Ève alikuja kesho yake. Akaja na kesho kutwa. Ndege alimtazama na kusema, "Moyo, yaya." Mara ya kwanza Ève aliogopa. Juma la pili alijibu: "Moyo."

Mama Mbuyi alirudi nyumbani amekonda, akiuogopa hata ufagio. Alikuwa bado dhaifu, na Francine alimkataza kukaribia tundu mpaka dawa iishe. Zilikuwa siku ndefu kuliko zote. Asubuhi alifungua dirisha mbele ya mahali patupu. Alimsikia Shefu kwa mbali, jikoni, akimsalimu mtu mwingine. Baada ya kazi Ève alikaa kidogo mlangoni, wakanywa chai. Siku moja Mama Mbuyi alimweleza habari za Kabanga. Ève aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa mutoto," alisema. "Niliiona ile treni. Papa yangu alinivuta mukono, akafunga mulango."

"Ninakumbuka mulango wenu," alijibu Mama Mbuyi.

Majibu ya maabara yalikuja: ilikuwa homa ya kasuku. Francine alifuatilia kapu la gare. Alikuta nyumba mbili zilizopokea ndege kutoka humo. Katika moja, baba mmoja alikuwa akikohoa juma la pili. Aliulizwa lile swali la wino mwekundu, akapata dawa inayofaa, akapona. Mama Mbuyi mwenyewe alisimama kanisani na kueleza kosa lake lote, hata lile la kutafuna bukari. Safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya arobaini na sita Francine alisema Shefu anaweza kurudi. Tundu liliwekwa dirishani, mbali na mkeka wa kulalia. Sakafu iliyo chini yake sasa huloweshwa kabla ya kusafishwa, na Mama Mbuyi hufunga pua na mdomo. Adhuhuri treni ilipita. Shefu alinyanyua shingo, akapiga filimbi.

Mama Mbuyi aliteleka chai. Akatoa vikombe viwili. Alingoja hatua za Ève mlangoni. Chai ilipoa. Kazi ya dawa ilikuwa imekwisha, na ng'ambo ya ukuta redio ilikuwa ikiimba.

"Moyo, yaya," alisema Shefu.

Sasa wewe. Kama una ndege, mtenge mgeni leo, lowesha mavi kabla ya kuyagusa, usimuuze wala kumgawa ndege mgonjwa. Ukiwa na homa na kikohozi, mwambie muuguzi una ndege, hata asipokuuliza. Lakini kuna jambo la kufanya kabla ya hayo yote. Unajua ni nani anayekohoa nyuma ya ukuta wako. Unajua jina lake. Zima redio. Weka kitabu hiki chini, nenda ukagonge mlango wake sasa hivi. Na kesho, hata kama hana tena haja ya dawa, rudi.