Watu Arobaini wa Uchochoroni

Asubuhi ile kituo kikuu cha mabasi kilifurika, na binti mmoja wa ofisi ya jiji, blauzi ya manjano na daftari kwapani, akajikwaa kwenye begi la mwanamume. Begi likaanza kulia. Si mlio mmoja, milio saba, kila mmoja na wimbo wake.

"Kaka, humu umebeba bendi?"

"Wagonjwa, dada. Mimi fundi simu. Kila jioni narudi nazo nyumbani zikiwa zimewashwa, nipime betri. Dukani wezi hawana likizo."

Binti alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Fundi akaiokota, akairudisha pamoja na namba yake.

Wiki tatu simu hazikukauka.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula, ila sauti yako sijaishiba."

"Muongo wewe."

"Basi nipime kama betri."

Alikuwa mgane, mwaka wa nne, na sasa akaanza tena kupiga pasi mashati.

Jumamosi moja, kwenye benchi la bustani, binti alimweleza kazi yake. Kampuni za simu huipa ofisi nukta tu, bila majina: simu imetoka wapi, imekwenda wapi. Wakubwa, ambao hawajawahi kubanwa mguu ndani ya basi, husoma hapo watu wanavyosafiri mjini.

"Kuna watu arobaini kila jioni wanashuka pamoja uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha mbao. Wakubwa wanataka kuhamishia huko kituo cha basi cha hospitali. Nimewatafuta hao watu mpaka soli zimeisha."

Fundi alilitazama begi lake. "Uchochoro huo naishi mimi, na simu zangu arobaini."

Binti akashika mdomo, akacheka. Mwenzake hakucheka.

"Kumbe mlikuwa mnanifuata."

"Sikujua ni wewe, mpenzi."

"Mke wangu alizidiwa akisubiri basi la hospitali saa mbili nzima. Siku ile hakuna mkubwa aliyemhesabu. Leo mnahesabu simu mbovu, ili muwazidishie wagonjwa na wajawazito mwendo."

Akaondoka. Siku tano simu yake haikupatikana.

Binti hakukaa kulia. Alimwendea mkuu wake.

"Hao arobaini ni fundi mmoja, bosi."

"Ramani haidanganyi."

"Haidanganyi, ila haioni begi. Twende jioni, uwahesabu kwa macho yako."

Wakasimama uchochoroni, viatu vya mkubwa vikinywa tope. Basi likaja. Akashuka mtu mmoja.

"Mfungulie, tafadhali," binti alimwambia fundi.

Zipu ikafunguka. Mkubwa akachungulia kama anayetazama kisima, akakunja karatasi zake, akaenda zake. Samahani hakusema, watu wa aina yake hawaijui. Lakini kituo cha hospitali hakikuhama.

"Ulikuja kunitetea au kunihesabu?" fundi aliuliza.

"Nilikuja kukutafuta. Simu umezima, ningefanyaje?"

Fundi akatabasamu, akaiwasha pale pale.

Jumapili fundi alifika kwa shangazi wa binti, shati jeupe limenyooka. Shangazi akamtazama juu hadi chini.

"Baba, unakuja kuposa peke yako? Watu wako wako wapi?"

Fundi akaweka begi mezani. "Nimekuja na watu arobaini, shangazi. Ofisi ya jiji inawajua."

Begi likalia. Sauti ya binti ikatoka jikoni, tulivu:

"Mimi nimehesabu mmoja, shangazi. Ananitosha."