Rubani Aliyeugua kwa Jina Langu

"Dereva ni huyu hapa."

Hayo ni maneno ya mdogo wangu wa tumbo moja, ziwa moja, huku kidole chake kikinielekea mimi.

Mbele ya watu kama thelathini wenye fimbo.

Nyuma yake pikapu yangu imelala mtaroni, tairi moja bado linazunguka. Na chini ya bampa... mguu wa mtu.

Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Fimbo ya kwanza ilinipata sikioni. Ya pili mdomoni, meno mawili yakaenda. Zilizofuata sizijui idadi. Nilisikia tu mbavu zikilia kama kuni kavu.

Na kila nilipopata upenyo kati ya miguu ya watu, nilimwona huyo mdogo wangu, Urbano. Amesimama pembeni, mikono mfukoni, anaangalia.

Tulia nikusimulie, msomaji wangu. Mimi sisahau kitu. Sura ya kila aliyenipiga ninayo hadi leo.

Naitwa Zenon. Fundi magari, Majengo, Sumbawanga. Elimu yangu darasa la saba, sheria nimejisomea mwenyewe kwenye vitabu vya kuokoteza. Ndiyo maana nikiingia ofisi za watu mjini hapa wanaanza kutazamana.

Urbano ni rubani wa helikopta jeshini. Kapteni. Siku ya kwanza aliyokuja kwetu Izia na beji ya mabawa ya urubani kifuani, baba, Mungu amrehemu, alimzungusha nyumba hadi nyumba kama bibi harusi.

Mwaka juzi vikaanza vituko. Unaongea naye, ghafla anakatika. Macho wazi, mwenyewe hayupo. Mate yanamshuka. Nusu dakika, anarudi, anakuuliza tulikuwa tumefika wapi.

Nikamwambia, "Nenda kwa daktari wa kikosi."

Akacheka. "Kaka, unamkumbuka Victor?"

Namkumbuka vizuri. Rubani mwenzake, ameshakula ugali kwangu. Alimwambia daktari wao ukweli, kwamba akipanda juu sikio linamvuma. Hakuruka tena. Walimpeleka stoo akagawe mablanketi. Waliokuwa na magonjwa yao wakanyamaza, wakapanda vyeo.

"Kule ukisema unaumwa umejifukuza mwenyewe," Urbano akasema. "Wenye akili wanatibiwa uraiani, kimyakimya."

Basi alipopata likizo nikampeleka kwenye zahanati ya Daktari Kristiana. Dada wa mapokezi akauliza jina la mgonjwa.

Nilijibu mimi.

"Zenon."

Usinishangae. Sisi tumekua tukivaa koti moja kwa zamu, na baridi ya Ufipa unaijua. Sekondari alisomea viatu vyangu. Nimuazime koti na viatu, halafu nimnyime jina?

Daktari alimpima, akaweka kalamu chini.

"Ni kifafa. Dawa zinakituliza. Ila kuanzia leo usishike usukani wa chombo chochote mpaka mimi niseme."

"Sawa, daktari."

Wiki iliyofuata alikuwa angani.

Sasa ile Jumamosi. Yuko likizo tena, tunakwenda Mwazye kuangalia shamba.

"Nipe ufunguo, kaka. Naendesha helikopta, hili kopo lako litanishinda?"

Nikampa. Kosa hilo ni langu, nalibeba.

Tukakuta ng'ombe wanavuka barabara.

"Punguza," nikasema.

Kimya.

"Urbano, punguza!"

Nikageuka. Macho wazi, mwenyewe hayupo. Mguu wake umekandamiza mafuta.

Nilinyakua usukani nikiwa nimechelewa. Ng'ombe wawili walipaa juu ya boneti, kioo kikatumwagikia usoni. Mchungaji wao, Mboje, tukambana kwenye ukingo wa mtaro.

Urbano alirudi akilini nimeshamvuta nje ya gari, watu wakiwa wameshafika. Akawatazama wao. Akanitazama mimi. Kilichofuata umeshakisikia.

Polisi wakaja, wakapekua gari. Wakakuta kadi ya zahanati. Jina, Zenon. Ugonjwa, kifafa.

"Ulijua una kifafa, na bado ukaendesha?" askari akauliza.

"Siyo mimi ninayeumwa, afande."

"Kadi ya nani hii?"

"Jina langu... ila mgonjwa siyo mimi."

Akamgeukia mwenzake. "Huyu kimeshampanda kichwani."

Wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi.

Nikalazwa na pingu kitandani. Siku ya pili Urbano akaja na machungwa.

"Kaka, kubali tu. Wewe fundi, ukitoka unafungua gereji yako. Mimi jeshini wakijua nina kifafa, sirushi ndege tena, nimekwisha."

"Nikifungwa?"

"Watoto nitawalea."

"Na mguu wa Mboje nao utaulea?"

Akaanza kumenya chungwa.

Mboje alikuwa kitanda cha tatu kutoka changu, mguu umepigiliwa vyuma. Alisikia yote. Urbano alipotoka akasema taratibu, bila kunigeukia:

"Kwetu ng'ombe akiwa na kichaa tunamfunga kamba. Ninyi wa kwenu mmempa ndege."

"Basi waambie polisi, mzee."

"Mimi niliona ng'ombe wangu wanakufa. Dereva sikumwona."

Nikageukia ukuta. Maneno yale yaliniuma kuliko mbavu.

Mke wangu Herieth alihangaika akanitoa kwa dhamana. Nafika nyumbani mchana, namkuta Urbano anakunja sare zake. Keshokutwa anabeba askari kumi na mmoja.

"Kumi na mmoja, Urbano. Huko juu hakuna mtaro wa kukupokea."

"Nakunywa dawa."

"Ulikuwa unakunywa ulipomgonga Mboje?"

Akakunja suruali nyingine. Nikatoa simu. "Nampigia mkuu wako."

Simu ilipasukia ukutani. Kufumba na kufumbua mikono yake iko shingoni kwangu. Huyu ni askari, amefundishwa kuua. Alinibamiza kwenye mlango wa stoo ya mahindi, mlango ukang'oka, tukaangukia ndani. Akanikalia kifuani, juu ya mbavu zile zile. Nilimng'ata mkono hadi nikaonja damu yake. Hakuachia.

"Usinivue mabawa, kaka." Ananong'ona huku anakaba. Machozi yake yananidondokea usoni. "Nakuomba, usinivue..."

Nikaanza kuona giza.

Halafu vidole vikalegea.

Macho wazi, mwenyewe hayupo. Akaporomoka ubavuni, juu ya punje za mahindi.

Nilijua nina nusu dakika. Nikimwacha ataamka, atavaa sare, atapaa. Na nikipiga kelele, nani atamsikiliza mshtakiwa mwenye kadi ya kifafa?

Mchi wa Herieth ulikuwa umeegemea kinu.

Nikaunyoosha mguu wake wa kulia. Nikainua mchi kwa mikono miwili.

Nikapiga. Haukuvunjika.

Nikapiga tena. Ule mlio... nitaingia nao kaburini.

Herieth akatokea mlangoni. "Baba Silvana, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nimemshusha chini."

Hospitali Urbano alisema ameteleza kwenye mahindi. Mkuu wake alipopiga, alimjibu, "Nimevunjika mguu, afande." Wala hakuulizwa maswali. Mguu ni ugonjwa wa heshima. Askari wale wakabebwa na rubani mwingine, wakafika salama.

Siku ya kesi yangu nimesimama kizimbani, nasikia magongo yanagonga sakafu. Urbano. Hakuna aliyemwita.

"Mheshimiwa, dereva nilikuwa mimi. Kifafa ni changu. Kaka yangu hana ugonjwa wowote."

Alifungwa mwaka mmoja, na kazi ikaishia hapo. Mboje anatembelea gongo mpaka leo, na akiniona mimi hubadilisha njia. Ana haki.

Urbano alipotoka jela tulikaa wawili barazani. Moyo ulikuwa unanichoma, nikaona niyatoe yaliyomo.

"Mdogo wangu, ule mguu... hukuteleza."

"Najua."

"Unajuaje? Ulikuwa umezimia."

"Nilikuwa nimesharudi. Tangu uliposhika mguu wangu kuunyoosha. Nilikuona umeinua mchi."

Nikamgeukia. "Mbona hukuuvuta?"

Akausugua ule mguu kwa kiganja.

"Kaka, mimi nilikuwa naogopa kuruka kuliko wewe ulivyoogopa. Kila nilipopaa nilikuwa nawahesabu walio nyuma yangu. Ila kusema siwezi, mdomo haufunguki. Ulipopiga la kwanza ukashindwa kuvunja, niliomba Mungu usiache."

Msomaji wangu, usimuazime mtu jina lako augulie. Ukimficha mgonjwa hujampunguzia ugonjwa, unautafutia mwingine wa kumuumiza. Mimi ulinipata, na ukampata Mboje ambaye hata tulikuwa hatumjui.

Na ninyi wakubwa mnaomnyang'anya mtu kazi siku anayosema kweli, someni hapa vizuri. Kapteni mzima alilala kimya, macho wazi, akasubiri mchi. Aliona kuvunjwa mguu ni kwepesi kuliko kumwambia daktari wake kwamba anaumwa.