Siku Baba Taratibu Alipompiga Mtu

Fundi wa makochi hakujua kufoka. Mteja akimharakisha, alimjibu, "Taratibu, tutafika." Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Baba Taratibu. Mkewe, mshona nguo, alipenda kumtania mbele ya wageni. "Huyu akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba radhi," alisema. Watu walicheka, naye fundi alicheka pamoja nao.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na miwili. Asubuhi wote watatu walikunywa chai wakiwa wamesimama. Ndani kulikuwa na makochi manne, lakini yote yalikuwa ya wateja.

Jumatano moja mambo yaliharibika.

Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatatu. Cherehani kubwa ya kushonea vitambaa vya makochi ilikuwa imelala. Bati la karakana lilichemka kwa jua. Fundi alikuwa akipigilia misumari kwa mkono, na tangu ile chai ya asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Saa sita mchana alikuja mwenye karakana. Alikuwa ameagiza kochi, na lilikuwa bado halijaisha.

"Mwanamume mzima unashindwa na kiti," alisema kwa sauti, ili wapita njia wasikie. "Hii karakana nitampa mtu mwenye akili."

"Nisamehe, mzee," fundi alijibu.

Watu wawili waliokuwa wakipita walicheka. Mwenye karakana akaondoka. Fundi aliinama akaendelea na kazi, lakini msumari uliofuata aliupiga ukapinda.

Haikupita nusu saa, akasikia kelele upande wa duka la nyama. "Mwizi! Mshike huyo!"

Mtu mmoja alikuwa akikimbia barabarani akiwa ameshika spana kubwa. Kinyozi alimtega mguu, akaanguka kifudifudi. Watu wakamzunguka. Wengine walikuja na fimbo, wengine walivua viatu wakampiga navyo.

Fundi hakumbuki aliiweka wapi nyundo. Anakumbuka tu kwamba alikuwa katikati ya watu, na mguu wake ulikuwa ukipiga. Teke la kwanza lilimpata yule mtu mbavuni. La pili lilimpata usoni. Alipoinua mguu mara ya tatu, aliona mtu amesimama mbele yake upande wa pili, ana mkoba wa shule mgongoni.

Alikuwa binti yake. Alikuwa akimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemjua.

Mguu wa fundi ulibaki hewani. Kisha akaushusha.

Wakati huohuo alifika jirani yao, nesi wa zahanati. Alipita katikati ya watu kwa viwiko. "Mwacheni," alisema. "Huyu ni fundi bomba. Bomba limepasuka zahanati na maji yameingia wodini. Mimi ndiye niliyempigia simu aje mbio."

Watu walishusha fimbo. Muuza nyama alikuwa amesimama nyuma, kisu mkononi, mdomo wazi.

"Mimi nilikuwa namfukuza paka," alisema polepole. "Paka amebeba kipande cha nyama. Sikumsema mtu."

Dakika moja baadaye barabara ilikuwa tupu, kana kwamba watu wale hawakuwahi kuwepo. Nesi na muuza nyama walimbeba majeruhi. Fundi alirudi karakana, akakaa sakafuni.

Jioni mke alipakua chakula. Fundi alimsogezea binti sahani, lakini binti hakuipokea.

"Baba, yule mtu alikuibia nini?"

"Hakuniibia mimi."

"Alimwibia nani?"

Fundi alirudisha sahani chini. Alikuwa amempiga mtu usoni bila kujua anampiga kwa kosa gani. Mkewe, ambaye hakuwa na habari, aliweka mwiko chini. Alimtazama mumewe, kisha viatu vyake. Akaona damu iliyokauka. Usiku ule hakuna aliyekula.

Kesho yake mke aliona jambo lililomtisha zaidi. Watoto sita walikuwa wakicheza uwanjani. Mmoja alikimbia, wenzake wakapiga kelele, "Mwizi," wakamwangusha, wakampiga kwa vijiti. Walikuwa wanacheka. Mtoto aliyelala chini alikuwa amepasuka mdomo, naye alijaribu kucheka pia.

Mke alimwokota, akamsafisha. Halafu akaenda moja kwa moja kumwita nesi.

Nesi alikuja jioni. Alikuwa amechoka, na hakuwa na maneno matamu.

"Dada, nimepata wazimu?" fundi alimuuliza.

"Huna wazimu."

"Basi ni shetani."

"Shetani usimsingizie, shemeji. Niambie, kabla ya zile kelele, nini kilikupata?"

Fundi alimweleza habari za umeme, joto, njaa na maneno ya mwenye karakana.

"Ulimkasirikia nani?"

"Mwenye karakana."

"Mbona hukumjibu?"

"Angenifukuza."

"Haya. Hasira ilibaki ndani, inatafuta pa kutokea. Ikamkuta mtu yuko chini, mtu asiyeweza kukufukuza popote. Joto na njaa vikaisukuma. Mtu akiwa hivyo huona ubaya hata pasipo na ubaya. Ukaona spana, ukaona silaha. Kumbe ni kifaa cha kazi."

Mke aliingilia. "Lakini wengi wana njaa, wana joto, na hawapigi watu."

"Kweli kabisa. Simwambii kwamba hana kosa. Namwonyesha kosa lilipitia mlango gani, ili aufunge." Nesi alimgeukia fundi. "Kama mngekutana njiani wewe na yeye, wawili tu, ungempiga?"

Fundi alifikiri. "Hapana. Ningemuuliza anakimbilia wapi."

"Jana hukumuuliza. Kwa nini?"

"Wote walikuwa wanapiga. Nilijua wanajua."

"Nao walijua wewe unajua. Kwenye kundi kila mtu hudhani mwenzake ndiye mwenye habari. Na kila mtu hujiambia, teke langu ni moja tu. Mimi ndiye niliyeyahesabu, shemeji. Mateke yenu ya moja moja yamevunja mbavu tatu. Jicho la kushoto bado hatujui."

Fundi alifunika uso kwa mikono.

"Na wale watoto?" mke aliuliza.

"Mtoto huiga anachoona wakubwa wanakishangilia. Shemeji, mara ya kwanza kuona mtu anapigwa na kundi ulikuwa na miaka mingapi?"

Fundi aliondoa mikono usoni. "Saba," alisema. "Baba alinibeba mabegani ili nione vizuri. Watu walipiga makofi."

Mkewe alishtuka. Miaka kumi na mitano ya ndoa, na hakuwahi kuisikia habari hiyo.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza.

"Siku moyo unapochemka, usikae nao kimya," nesi alisema. "Ondoka penye joto, kunywa maji, kula. Sema umeudhiwa na nani, umemkasirikia nani. Na ukikuta kundi, usiulize mwizi yuko wapi. Uliza nani ameona kwa macho yake. Waite watu mmoja mmoja, umpe kila mmoja kazi. Mtu akishatajwa, hawezi tena kujificha nyuma ya wenzake."

Ijumaa fundi alikwenda wodini. Fundi bomba alikuwa amefungwa bandeji kichwani.

"Mimi ni mmoja wa waliokupiga," fundi alisema.

Yule mtu aligeuza jicho lake zima, akatazama chini. "Uso wako sikuuona," alisema. "Viatu hivi naviona kila nikilala."

Fundi alianza kuomba radhi.

"Sitaki pole," mgonjwa alisema. "Nataka ukaseme hayo polisi, halafu uyaseme mtaani. Mtu mmoja tu akiri. Vinginevyo nitaishi nikiamini mtaa mzima uliniona si mtu."

Fundi alikwenda kituoni, akaandikisha maelezo yake. Kinyozi alikataa kwenda, na wengine vilevile. Mahakama ilimhukumu fundi miezi sita ya kazi za jamii, na kila Jumamosi alifagia zahanati. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akaeleza yote, mwenye karakana akiwepo. Binti yake alikaa mstari wa mbele, akisikiliza. Jicho la fundi bomba lilipona, ila upande ule haoni mbali.

Miezi minne baada ya siku ile, mchana, kelele zilisikika tena. "Ameiba mtoto!"

Bibi mmoja alikuwa amezungukwa karibu na duka la nyama. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike aliyekuwa akilia na kujivuta. Mtu mmoja alikuwa ameshaokota jiwe.

Fundi alitoka karakana. Alijipenyeza, akasimama mbele ya bibi.

"Nani ameona kwa macho yake?" aliuliza.

Watu walitazamana.

"Kinyozi, wewe umeona?"

"Nimesikia tu," kinyozi alisema, akarudi hatua moja.

"Muuza nyama, piga simu polisi. Wewe mwenye jiwe, nakujua, wewe ni fundi viatu. Liweke chini, kamlete nesi."

Fundi viatu alilitazama jiwe kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemwekea mkononi. Akaliweka chini, akaenda.

Nesi alipofika, mtoto alijificha nyuma ya bibi. "Huyu ni mjukuu wake, huja naye zahanati," nesi alisema. "Analia kwa sababu leo ana sindano."

Walimkalisha bibi karakana, wakampa maji. Alikunywa nusu, nusu akamnywesha mjukuu. "Mngeniua mbele ya mtoto," alisema. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila mmoja aliinamisha kichwa. Kisha kinyozi alipiga magoti mbele yake, akamwomba radhi. Baada ya hapo, bila kuambiwa na mtu, alivua koti lake la kazi akaenda kituoni kuandikisha maelezo ambayo miezi minne aliyakimbia.

Binti alirudi kutoka shule, akamkuta baba yake amekaa mlangoni. Miguu yake ilikuwa ikitetemeka.

"Wameniambia," binti alisema. "Uliogopa?"

"Sana."

"Uliwaogopa wao?"

"Wao, na nilijiogopa mimi pia."

Binti alivua mkoba, akakaa karibu naye hadi miguu ilipotulia.