Fundi Alijitetea kwa Siku Nyingine

Msusi alikuwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja pikipiki iliposimama nje. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amefungwa kwa wizi. Tangu siku aliyofungwa, kila pikipiki ikisimama nje, moyo wa msusi uliruka.

Shemeji yake aliingia mbio na nakala ya hati ya mashtaka.

"Shemeji, kaka anatoka! Wameandika ana miaka hamsini. Hata arobaini hajafika! Kesi imekufa!"

Mteja alikuwa msaidizi wa kisheria pale mtaani. Aliichukua hati, akaisoma.

"Pole, bwana. Umri hauui kesi. Mahakama ya rufaa haimwachii mtu kwa kila kosa la hati. Inauliza: je, kosa hili lilimnyima mshtakiwa nafasi ya kujitetea?"

"Basi tumekwisha," msusi alisema.

"Bado, dada. Mumeo alijiteteaje?"

"Walimsomea kwamba aliiba jenereta ya karakana Jumamosi. Jumamosi alikuwa hospitali na mama yangu. Muuguzi alikuja mahakamani kusema."

"Na mashahidi wao?"

"Wote walisema Jumatatu. Hakimu naye akasema ni Jumatatu, akamfunga."

"Hati ilirekebishwa? Mumeo alipewa nafasi ya kujibu habari za Jumatatu?"

"Wapi! Na Jumatatu alikuwa kwa jirani, anachomelea geti."

Mteja alisimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka.

"Hilo ndilo la kukatia rufaa! Alijitetea kwa siku moja, akafungwa kwa nyingine. Angelilipinga palepale mahakamani ingelikuwa bora, lakini twende leo tukakate rufaa. Muda wa rufaa ukipita, hata hoja nzuri inaweza kukataliwa."

"Na wakimwongezea kifungo?" msusi aliuliza.

"Siwezi kukuahidi kitu, dada. Ila tukinyamaza, kifungo kinabaki kilekile."

Msusi aliogopa sana. Hata hivyo alivaa viatu, wakaenda.

Siku ya hukumu ya rufaa msusi alikaa benchi la mbele. Jaji alianza, "Kosa la umri ni dogo. Halikumwathiri mshtakiwa." Msusi aling'ang'ania benchi.

"Lakini siku ya wizi si jambo dogo hapa," jaji aliendelea. "Mshtakiwa alijibu habari za Jumamosi. Hati haikurekebishwa, naye hakupewa nafasi ya kujibu habari za Jumatatu. Hakutendewa haki. Nafuta hukumu. Sioni sababu ya kurudia kesi. Aachiwe."

"Amesema nini?" msusi alinong'ona.

"Amesema kamchukue mumeo," yule msaidizi wa kisheria alijibu.

Fundi alitoka amekonda. Hakuna aliyemshika, hakuwa na pingu, lakini mikono alikuwa ameiweka pamoja mbele, kama alivyozoea. Msusi aliiona, akalia kwa sauti. Kisha akaishika, akaitenganisha.

"Tembea, mume wangu," alisema. "Hakuna askari hapa. Ni mimi tu."