Sahihi ya Siku ya Kumi

Katika nyumba ya Nana, mtaa wa Kuze, asubuhi zilianza kwa maji ya moto. Mwanakuu, msichana wa miaka kumi na miwili, alichochea kuni, akateleka sufuria kubwa, kisha akapeleka ndoo chumbani kwa mama yake mdogo, Mwanatumu, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume. Nana, bibi yake Mwanakuu, alimkanda binti yake huyo tumbo na kiuno, akamnywesha uji wa pilipili manga. Hapo ndipo Mwanakuu aliposhika daftari lake akaenda shule.

Mwaka huo ulikuwa 1948. Wazazi wa Mwanakuu walikuwa wakikaa Lamu, naye alikuwa ameletwa Mombasa kusoma tangu akiwa na miaka mitano. Aliyemlea, aliyemsuka nywele na kumwuguza surua, ni Mwanatumu.

Kila alasiri alikuja Jael, mwanafunzi wa chuo kipya cha wakunga kilichokuwa upande wa Tononoka. Alikuwa msichana wa bara, mrefu, mwenye mikono mipole. Ndiye aliyemzalisha Mwanatumu, na sheria ya chuo ilimtaka amtembelee siku kumi mfululizo. Alimpima joto, akatazama kitovu cha mtoto, akaandika katika kadi. Ili chuo kijue kwamba kweli amefika, mtu wa nyumba alitakiwa kutia sahihi yake kila siku.

Nana alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu tu. Sista, mwanamke wa Kizungu aliyesimamia chuo, alitaka herufi za Kizungu. Taib, mume wa Mwanatumu, alishinda dukani akiuza leso. Basi kazi ya sahihi ikawa ya Mwanakuu, naye aliipenda. Alikaa sawasawa, akaandika jina lake polepole, herufi ya mwisho akiivuta mkia.

Jael aliwachekesha kwa maneno yake. Siku ya kwanza aliuliza, "Mama ako sawa?" Nana akamjibu, "Kiswahili chako, mwanangu, kimetoka bara kwa miguu. Kikalishe kipumzike." Jael alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo Nana alimwekea kikombe chake cha kahawa, na Jael akamfundisha Mwanakuu kushika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo.

Siku ya nne Jael alichelewa. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni. Alieleza kwamba wakaguzi walikuwa njiani kuja kupima mafunzo ya chuo na kuamua kama kinafaa kutoa vyeti. Sista alitaka kila kitu king'ae, na kwa kuwa mfuaji alikuwa ameacha kazi, wanafunzi sita ndio waliofua shuka zote za wodi ya wazazi, tangu asubuhi hadi jioni. Walimu walikuwa wawili tu. Ruhusa ya kutoka ilikuwa taabu.

Alipomaliza kumtazama Mwanatumu, alimwita Mwanakuu ukumbini.

"Mdogo wangu, nitilie sahihi zote leo, mpaka ya siku ya kumi," alisema kwa sauti ya chini. "Kadi ikiwa na pengo, sitapata cheti. Na mama yako mdogo anaendelea vizuri, umemwona mwenyewe."

Mwanakuu alimwonea huruma. Aliandika jina lake mara saba, kila moja katika mstari wake, na Jael akajaza kila mstari kwamba mama ni mzima na joto lake ni sawa.

Siku ya tano Jael hakuja. Siku ya sita Mwanatumu aliamka akitetemeka. Alimnyonyesha mtoto kwa shida, na uso wake ulikuwa moto kama kaango. Nana alimwambia Mwanakuu asiende shule, akimbie chuoni kumwita Jael.

Chuoni alipokewa na Sista mwenyewe. Mwanakuu alieleza kwamba mama yake mdogo ana homa kali. Sista alifungua kabati, akatoa kadi ya Mwanatumu na kuusoma haraka mstari wa jana, bila kutazama ya chini yake. Jana mama alipimwa, akasema, na joto lake lilikuwa sawa. Homa ya leo bila shaka ni ya maziwa kujaa.

"Jana Jael alifika kwenu?" aliuliza, akionyesha mstari wa siku ya tano. "Hii ni sahihi yako?"

Jael alikuwa amesimama uani, nyuma ya dirisha, na kapu la shuka mbichi kiunoni. Macho yao yalikutana.

"Ndiyo," alisema Mwanakuu. "Ni yangu."

Sista alimwambia arudi nyumbani bila wasiwasi. Leo wanafunzi wana kazi ya kufua, atakuja mmoja kesho. Mwanakuu alitembea njia yote akijiambia kwamba kesho haiko mbali.

Siku ya saba Jael alikuja mbio, bila ruhusa, aproni yake ikiwa bado imelowa. Alimgusa Mwanatumu shavu, akapima joto. Kisha akaomba lipatikane gari upesi. Hospitali daktari alisema ni homa ya uzazi, na kwamba vidonge vyake vipo, lakini ilifaa aanze kuvimeza siku mbili nyuma.

Alfajiri ya siku ya tisa Mwanatumu alifariki. Alizikwa alasiri ya siku hiyo hiyo.

Majirani walikuja, wakamsomea marehemu Kurani, wakapika. Mama mmoja wa nyumba ya pili, ambaye naye alikuwa ananyonyesha, alimchukua kichanga kila saa na kumpa ziwa lake bila kuombwa. Taib alikaa msikitini zaidi kuliko nyumbani. Mwanakuu hakulia mbele za watu. Aliogopa kwamba akianza kulia, maneno yatatoka pamoja na machozi.

Mwezi mmoja baadaye wakaguzi walifika. Walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa Bi Sheikha, mkunga wa makamo kutoka Unguja. Sista alikuwa ameandaa orodha ya nyumba tatu za kuwatembeza. Bi Sheikha alishukuru, akaomba kadi zote, akachagua zake mwenyewe, akavaa buibui lake na kuzifuata nyumba moja baada ya nyingine.

Alipobisha hodi kwa Nana na kuambiwa habari ya msiba, alikaa kitako chini kwenye mkeka, akatoa mkono wa pole, akamwombea marehemu. Hakutoa kadi mpaka kahawa iliponywewa.

"Dada yangu, nisamehe," alimwambia Nana. "Binti yako alifariki siku ya ngapi baada ya kujifungua?"

"Ya tisa. Na siku ya tisa tukamzika."

Bi Sheikha aliitazama kadi. "Hapa pameandikwa kwamba siku ya kumi mama ni mzima na joto lake ni sawa. Na pana sahihi." Hakuuliza ni ya nani. Aliiweka kadi juu ya goti lake.

Mwanakuu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Alijua kwamba akinyamaza, Nana hatajua kamwe. Alijua pia kwamba akisema, Jael atafukuzwa. Lakini alikumbuka wanafunzi wengine watano, na kadi zao, na akina mama waliojifungua wanaolala katika vyumba vingine vya mji huu wakingoja mtu aje.

"Ni mimi," alisema. Akaeleza yote: sahihi saba, kapu la shuka, dirisha, na lile neno moja alilomjibu Sista.

Nana alivuta leso akajifunika uso. Mwanakuu hakujua aende wapi. Mwishowe Nana aliunyosha mkono bila kufunua uso, akamvuta mjukuu wake pamoja na mtoto, akawakalisha ubavuni.

Jael naye alipoulizwa hakujitetea; alisema kila kitu. Sista aliwaonyesha wakaguzi jinsi wodi zilivyo safi, na Bi Sheikha akamjibu kwa adabu kwamba shuka ameziona, ila yeye amekuja kuwatazama wanaozilalia. Wakaguzi waliamua kwamba mwaka huo chuo hakitatoa cheti hata kimoja. Wafuaji waajiriwe, walimu wawili waongezwe, na kadi ikae nyumbani kwa mzazi, mwanafunzi asiweze kuiandikia mahali pengine. Wanafunzi wote wasome miezi sita zaidi. Jael hakufukuzwa, lakini aliamriwa aanze masomo upya.

Ijumaa moja Bi Sheikha alikuja kuaga kabla ya kurudi Unguja. Jael alikuwa nyuma yake, akisita kuvuka kizingiti.

"Ingia," alisema Nana. "Mlangoni si mahali pa kulilia."

Walikaa wote kwenye mkeka. Mwanakuu aliuliza kwa sauti ndogo swali lililomkosesha usingizi: je, ni yeye aliyemwua mama yake mdogo?

"La, mjukuu wangu," alisema Nana. "Homa ilimwua, na sisi watu wazima ndio tuliopaswa kuiona mapema. Hilo si la mtoto kubeba. Lakini lako lipo, nawe ulijue. Ulimsitiri rafiki kwa huruma, na huruma hiyo ikamkosa mgonjwa aliyekuwa hana wa kumsemea ila wewe. Ukiweka jina lako, liwe kwa jambo uliloliona kwa macho. Na kweli isemwe mapema, mwanangu. Ikisemwa mapema humponya mtu. Ikichelewa, huwafaa wale waliobaki tu. Nayo umeisema, na itawafaa."

Kichanga aliamka, akaanza kulia. Jael aliinuka, akanawa mikono yake vizuri kwa sabuni, akamwendea Nana na kupiga magoti, akaomba ruhusa ya kumshika mtoto. Nana aliitazama ile mikono safi. Kisha akampa.