Siku Chokaa Ilipokwisha

Kila asubuhi kikohozi ndicho kilichomwamsha Yublina, jogoo akiwa bado amelala. Yeye na mdogo wake Deni, aliyekuwa ameanza tu kutembea, walilala katika nyumba ya duara ya kupikia, chini ya mahindi yaliyotundikwa darini. Moto haukuzimwa humo, maana bila moshi fukusi wangeyala mahindi yote.

"Moshi huo!" mama yake husema kutoka nje. "Sogeza kichwa mlangoni."

Yublina husogeza kichwa mlangoni. Kikohozi nacho humfuata huko huko.

Ulikuwa msimu wa palizi na shule zilikuwa zimefungwa. Baada ya kula kande, walishika njia ya shambani: mama mbele na jembe lake, dada yake Welmince nyuma yake, na Yublina mwishoni, Deni akiwa mgongoni. Baba yao alikuwa mjini Kupang, akijenga nyumba za watu. Shamba lao lilikuwa kwenye mteremko, na kila walipopanda Yublina alibaki nyuma akihema.

Kikohozi kilikuwa kimeanza mahindi yalipopandwa. Kwanza kilikuwa kikavu. Baadaye akaanza kuamka ameloa jasho, na sketi yake ikampwaya. Kisha siku moja, akichota maji mtoni, alikohoa kiganjani akaona damu. Aliinawa haraka, akatazama huku na huku kama mwizi.

Alijua ni nini. Pale kijijini palikuwa na familia moja iliyoitwa "nyumba ya kikohozi." Watu waliwasalimia kutoka barabarani, na hakuna aliyekalia benchi lao. Sasa je, nyumba yao nayo ikiitwa hivyo? Watu wa kijana Melki walikuwa wameshakuja mara moja na tambuu kumposa Welmince, na baada ya palizi wangerudi kupanga siku ya harusi. Welmince alikuwa akiimba hata anapoosha masufuria. Nani angekuja kuoa katika nyumba ya kikohozi?

Basi Yublina akafanya jambo ambalo lingemjia mtoto wa milima ya kisiwa cha Timor tu. Akaanza kutafuna tambuu. Wakubwa wote wa pale hutafuna, na mate yao mekundu yamejaa njiani, ukutani, na hata kwenye ngazi za kanisa. Hakuna anayeshangaa kuona doa jekundu.

"Mtoto na tambuu wapi na wapi?" mama yake aliuliza.

"Jino linaniuma, mama."

Jino lilikuwa zima kabisa. Mama akamhurumia, akampa kipande cha popoo, jani lake na chokaa kidogo. Wenzake walipomwona shavu limemvimba walimcheka. "Shikamoo, bibi! Wajukuu hawajambo?" Yublina alicheka nao, lakini kwa tahadhari, maana akicheka sana hukohoa. Moyoni alijiona mchafu. Uongo mmoja ulimlazimisha kutunga mwingine kila siku.

Siku moja Mama Agustina, shangazi yake Melki, alikuja na jembe kuwasaidia palizi, kama ilivyo desturi ya wakwe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mlima wa pili.

"Wewe bibi harusi," alimwita Welmince, "unapalilia au unayabembeleza magugu?"

"Nayaaga, shangazi," Welmince akajibu, na wote wakaangua kicheko.

Jua lilipokuwa kali walikaa kwenye kibanda cha shambani. Mama alifungua kikapu cha tambuu akamkaribisha mgeni. Mama Agustina alichukua jani na popoo, akakigonga kibuyu cha chokaa kiganjani. Hakikutoka kitu.

"Mama Welmi! Chokaa imekwisha! Ndiyo nini kunilisha majani kama mbuzi?"

"Jamani, nisamehe, mkwe wangu," mama akasema kwa aibu. "Nilisahau kujaza."

Lakini tambuu ya mwenyeji haikataliwi. Wakatafuna hivyo hivyo, huku wakikunja nyuso na kutaniana. Yublina naye alitia kipande mdomoni. Mara kifua kikaanza kumwasha. Akainuka, akajipenyeza kwenye mahindi, akakohoa, akatema juu ya jani.

Alipogeuka, Mama Agustina alikuwa nyuma yake. Mwanamke yule hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akilitazama jani la mahindi.

"Chokaa umeitoa wapi, mwanangu?" aliuliza polepole.

"Ni... ninayo mfukoni."

"Nionyeshe."

Yublina alitia mkono mfukoni, na mkono ukabaki humo humo. Kila mtu mzima wa pale anajua kwamba bila chokaa tambuu haiwi nyekundu. Mate ya wengine siku ile yalikuwa na rangi ya nyasi kavu. Yake peke yake yalikuwa mekundu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kati ya macho yote ya dunia, yaliyomwona ni ya mtu huyu!

"Mama Welmi!" Mama Agustina aliita. "Njoo uone."

Mama alikuja mbio, Welmince akimfuata. Mama alipoliona jani alisema, "Ni moshi tu, mkwe wangu. Kule jikoni moshi ni mwingi..."

"Moshi hautemi damu."

Hapo Yublina akaangua kilio. "Msimwache dada Welmince! Yeye hakohoi! Ni mimi tu, ni mimi!"

Welmince alikaa chini kwenye magugu kama mtu aliyekatwa miguu. "Yubi," alisema, "kumbe ulikuwa unatafuna kwa ajili yangu?"

Mama Agustina aliliweka jembe lake begani. Hakutabasamu. "Kesho asubuhi, zahanati. Nyumba nzima, na huyo mdogo pia." Akaenda zake bila kuaga.

Jioni ile Welmince hakuimba. Kila mtu aliamini kwamba uchumba umevunjika, na Yublina hakuweza kula.

Kesho yake walipofika zahanati walimkuta Mama Agustina ameshakaa kwenye benchi la nje, kikapu mapajani. "Mmechelewa," alisema, akasogea ili Yublina akae karibu naye.

Muuguzi alimpa Yublina kikopo cha kutemea makohozi. Wengine nao wakapimwa. Majibu yalipotoka, mama na Welmince walikuwa salama. Yublina alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa unaotibika kwa dawa za kila siku kwa miezi sita. Kisha muuguzi akampandisha Deni kwenye mizani mara ya pili.

"Huyu amepungua sana," alisema. "Analala na nani?"

"Na mimi," Yublina akajibu.

"Basi amekwisha kuambukizwa. Naye ataanza dawa leo. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine."

Yublina alimtazama Deni. Mtoto alikuwa akimchekea na kumnyooshea mikono abebwe. Hadi jana Yublina alikuwa akiogopa macho ya watu, na macho ya watu huweza kukwepwa. Aibu ya leo, ya kumwambukiza Deni, hakuwa na mahali pa kuikwepea. Akafunika uso kwa viganja.

Mama alimvuta kifuani. "Nilikusikia kila asubuhi, mwanangu, nikasema moshi. Aibu hii si yako peke yako. Tugawane."

Welmince alimgeukia Mama Agustina, akauliza kwa sauti ndogo, "Na harusi, shangazi?"

"Harusi ina nini? Melki anaoa mke, haoi mapafu ya shemeji yake."

Basi Yublina akameza dawa kila siku, hata zilipomtia kichefuchefu. Alilala peke yake katika chumba chenye dirisha mpaka muuguzi alipomruhusu kurudi shuleni na kuchanganyika na watu. Kiangazi kilipoingia Welmince aliolewa. Siku dozi ilipomalizika, muuguzi alimpima Yublina tena akasema amepona. Uani, Deni alikuwa akimkimbiza kuku, mashavu yamejaa.

Mama Agustina, aliyekuwa amewasindikiza, alimwona Yublina ameinamisha kichwa. "Umepona na bado unatazama chini. Unaona haya?"

"Ndiyo, shangazi. Nikimwona Deni."

"Kuona haya si vibaya, ila uliona haya mahali pasipofaa. Kuugua hakuna haya, na kikohozi kikizidi wiki mbili, mtu husema. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nawe, mwanangu, kilio chenyewe nusura kiwe cha kumlilia mtoto ambaye hajajua hata kutamka 'naumwa.'"